Watu wa Karibu na Mlango: Maisha ya Richard Simmons

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wetu wa walimu wa mazoezi ya viungo. Naiweka yote hapa kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, dada zangu, kaka zangu, walimu wenzangu. Wa kuamkiwa shikamooni. Wengine hamjambo?

Kabla sijaanza, naomba mgeuke. Naam, geukeni mtazame nyuma. Mnawaona waliokaa karibu na mlango? Msiogope huko nyuma, sitawataja majina. Kila ukumbi una watu wa karibu na mlango. Mtu hukaa pale ili akichoka, au akichekwa, atoke bila kupita mbele za watu. Leo nimekuja kuwasimulia habari za mtu aliyewafanyia kazi watu hao kwa miaka arobaini.

Ni Mmarekani, na jina lake ni Richard Simmons. Vijana humu huenda hamumjui. Lakini aliyekuwa akitazama televisheni ya Marekani miaka ya 1980 asingeweza kumkwepa. Mwanamume mwembamba, nywele za mawimbi zimetimka kila upande, kaptula fupi ya milia, singlendi iliyojaa vijiwe vya kumetameta. Sauti kali, machozi ya karibu. Alikuwa akipiga kelele, akikumbatia watu, akicheka na kulia, yote ndani ya dakika moja. Wengi walimwona kichekesho. Hata mimi nilimwona hivyo, na kwa muda mrefu.

Niwakumbushe kwanza uwanja aliouingia. Mwaka 1951, kwenye kituo kimoja cha San Francisco, Jack LaLanne alianza kipindi cha mazoezi. Vyombo vyake vilikuwa kiti, taulo na maneno ya kutia moyo, akiwafundisha mama wa nyumbani wasioweza kwenda popote. Heshima yake aichukue. Lakini LaLanne huyo huyo, mwaka 1984, akiwa na miaka 70, aliingia majini amefungwa pingu mikononi na minyororo miguuni, akavuta mashua 70 zenye watu 70. Sasa niambieni: mtu wa namna hiyo ukimtazama unafanya nini? Unapiga makofi, basi, halafu unarudi kwenye kochi lako. Mwaka 1982 mwigizaji wa filamu Jane Fonda naye akatoa kanda yake ya video, na nchi nzima ikaruka naye sebuleni. Fonda alikuwa mrembo, mwembamba, amevaa nguo ya kubana. Mtu wa kilo 120 alipowasha kanda ile alimwona nani? Alimwona mtu ambaye si yeye.

Simmons aliwahi kuwa mtu wa kilo 120. Hapo ndipo habari yake inapoanzia.

Alizaliwa New Orleans tarehe 12 Julai 1948, na jina alilopewa ni Milton Teagle Simmons. Richard alikuja kujiita baadaye. Alikulia kwenye mtaa wa zamani wa mji ule, French Quarter, na wazazi wake wote wawili walikuwa wamepitia kazi za jukwaani. Utotoni aliuza praline barabarani. Praline ni kitu kama kashata, ya sukari na njugu za huko zinazoitwa pekani. Mwangalieni mtoto huyo: anapenda kula, ameshikishwa sinia la kashata, na amezaliwa katika mji ambao chakula ni sherehe. Alisema mwenyewe kwamba tangu akiwa mdogo sana alijua watu wanamtazama vibaya kwa unene wake. Alipomaliza sekondari alikuwa na pauni 268, yaani kilo 121 na ushei.

Kijana mnene hujifunza ufundi mmoja mapema. Mnaujua? Hujifunza kuchekesha. Anawachekesha wenzake kabla hawajamcheka, maana kicheko alichokianzisha yeye kinauma kidogo kuliko kile kinachomvizia. Simmons akawa bingwa wa ufundi huo. Aliwahi pia kufikiria kuwa padri, na hilo naomba mliweke akilini, nitalirudia. Baadaye akasomea sanaa, akaenda Italia, na huko akapata vibarua vya kuigiza kwenye matangazo ya biashara. Walitaka mtu mnene wa kuchekesha. Wakampata.

Akiwa kule Italia, kama alivyosimulia mara nyingi, siku moja alikuta karatasi kwenye gari lake. Mwandishi hakujulikana. Ilimwambia kwamba yeye anachekesha sana, lakini watu wanene hufa mapema, na tafadhali yeye asife.

Mngefanya nini ninyi? Yeye aliacha kula. Sikusema alipunguza. Aliacha. Alijinyima chakula mpaka kilo nyingi zikamwondoka kwa miezi michache, nywele zikadondoka, akaishia kitandani hospitalini. Tusiipite haraka sehemu hii, walimu wenzangu, kwa sababu wangapi kati yetu tunabandika picha ya “kabla” na picha ya “baada”, na hatuulizi kilichotokea katikati? Simmons alikuwa na picha nzuri sana ya “baada”. Na alikuwa mgonjwa. Ndiyo maana maisha yake yote yaliyofuata aliwaambia watu waendelee kula, tena wale vizuri, ila wajue wanakula kiasi gani.

Akaja Los Angeles miaka ya 1970, akafanya kazi ya kuhudumia meza kwenye mkahawa Beverly Hills. Akatafuta mahali pa kufanyia mazoezi. Akakuta nini? Akakuta kumbi za watu ambao tayari wamejengeka. Vioo kila ukuta, na kila kioo kina mtu anayejitazama misuli. Kijana huyu, ambaye kichwani mwake bado alikuwa na kilo 121, hakuona pa kusimama.

Basi mwaka 1974 akafungua mahali pake. Jina la kwanza alilopaita lilikuwa mzaha mtupu, Anatomy Asylum, kama hifadhi ya wendawazimu wa miili, na pembeni akaweka meza ya saladi. Baadaye pakaitwa Slimmons. Sharti la kuingia? Hakuna. Mnene aingie, mzee aingie, asiyeweza kuruka aingie apige makofi. Na yeye mwenyewe ndiye mwalimu.

Nilipofika hapa kwenye habari zake nilisimama, nikajiuliza swali lisilopendeza. Niwasimulie? Haya. Miaka mingi nyuma nilikuwa na darasa langu la jioni. Wanafunzi wazuri, mistari imenyooka, muziki unagonga. Akaja mama mmoja, mwili mkubwa, viatu vya kutembelea tu. Nikamkaribisha kwa heshima zote, “Karibu sana mama,” nikamweka mstari wa nyuma kabisa. Nikamwambia kule kuna nafasi zaidi. Uongo. Nilimweka kule asiniharibie mistari. Sikumtukana wala sikumcheka, ila saa nzima sikumtazama hata mara moja. Hakurudi, na sikuuliza kwa nini. Ninyi mnacheka, lakini cheko lenu nalijua. Ni la watu wenye mama kama huyo.

Turudi kwa Simmons. Kutoka kwenye ukumbi ule akaingia kwenye televisheni. Kwanza akaonekana kwenye kipindi cha kuonyesha watu wenye maisha ya kuvutia, kisha akaitwa kwenye tamthilia ya mchana, General Hospital, akiigiza kama yeye mwenyewe, anawafanyisha mazoezi wahusika. Halafu mwaka 1980 akapata kipindi chake mwenyewe, kikaenda mpaka 1984, kikampatia Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, upande wa vipindi vya mchana. Kilikuwa na mazoezi, mapishi, vichekesho vya kujigeuza mtu huyu na yule. Ila jambo lililokipa uhai ni kwamba hakuweza kukaa jukwaani. Alishuka. Alikwenda kwa watazamaji waliokaa ukumbini, anamshika mtu mkono, anamuuliza jina, anamuuliza ana nini. Mtu anaanza kulia, naye analia.

Kitaalamu, mazoezi yake hayakuwa na jipya. Hakugundua chochote. Hatua mbele, hatua nyuma, mikono juu, piga makofi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayajua. Mwaka 1988 akatoa kanda iliyompa jina kuliko zote, Sweatin' to the Oldies, na wengi walidharau kwamba ni dansi tu ya nyimbo za zamani. Ni kweli, ilikuwa dansi ya nyimbo za zamani. Lakini tazameni waliokuwa nyuma yake! Kwenye kanda za wengine, nyuma ya mwalimu husimama wasichana sita wanaofanana kama sahani za seti moja. Nyuma ya Simmons walisimama watu. Wanene, wanene sana, wa makamo, wazee, weusi na weupe. Na chaguo la nyimbo halikuwa la bahati nasibu. Zilikuwa nyimbo ambazo watu hao walizicheza wakiwa vijana, kabla miili yao haijawa aibu kwao. Huhitaji kumfundisha mtu kucheza wimbo ambao mwili wake unaukumbuka.

Mwishoni mwa kanda wachezaji wanatoka mmoja mmoja, wanacheza mbele ya kamera, na chini yao linaandikwa jina na idadi ya pauni walizopunguza. Wengine bado wanene! Amepunguza pauni nyingi, bado mnene, na anacheza kama bibi harusi. Nani mwingine alikuwa akiwaonyesha watu hao kama washindi?

Alikuwa pia mfanyabiashara, tusimfanye malaika. Aliuza vitabu, kanda, safari za meli za kupunguza uzito. Aliuza mpango wa kula ulioitwa Deal-A-Meal. Unanunua pochi yenye kadi, kila kadi ni kiasi fulani cha aina fulani ya chakula. Asubuhi kadi zote ziko upande mmoja. Ukila, unahamishia kadi upande wa pili. Kadi zikiisha, umemaliza kula kwa siku hiyo. Mimi nauona ni ubunifu mzuri, maana hauhitaji hesabu wala kalamu, na mtu anajitazama anavyokula kama anavyotazama hela zake zikipungua. Wapo waliosema ni biashara ya kuwauzia maskini wa roho matumaini. Labda. Lakini wauzaji wengi wa matumaini hawapigi simu baada ya kuuza.

Yeye alipiga.

Hapa ndipo nilipoacha kumcheka. Watu walimwandikia barua, na baadaye barua pepe, wakimweleza habari za miili yao, ndoa zao, watoto waliofariki, usiku wa kula peke yao jikoni taa imezimwa. Naye alisoma, akachukua simu, akawapigia. Hakumtuma msaidizi. Alimpigia mtu asiyemjua, katika mji asioujua, na kesho yake akampigia tena. Wengine aliongea nao kwa miaka. Nyumba yake ilikuwa kwenye vilima vya Hollywood, na magari ya watalii yanayozungushwa kuona nyumba za watu maarufu yalipopita, alitoka akaenda kuwasalimia. Na kwenye ukumbi wake wa Slimmons aliendelea kufundisha mwenyewe, darasa la kawaida, watu wa kawaida, miongo minne tangu apafungue. Mnakumbuka niliwaambia aliwahi kufikiria upadri? Nadhani kazi ile aliipata, ila bila kanzu. Alikuwa anasikiliza maungamo.

Na malipo yake yalikuwa nini? Kuchekwa. Vipindi vya usiku vya televisheni vilimwalika ili achekwe, naye alijua, akaenda. Mwaka 2000 mtangazaji mmoja maarufu alimpulizia kizimamoto mbele ya kamera, kwa mzaha, na Simmons akabanwa na pumu. Alikaa miaka bila kurudi kwenye kipindi kile. Mwaka 2004, kwenye uwanja wa ndege wa Phoenix, mwanamume mmoja alimpigia kelele za kejeli kuhusu kanda zake. Simmons akamzaba kofi. Polisi wakaja, mashtaka yakafunguliwa, kisha yakaondolewa. Simtetei, kofi ni kofi. Ila nawauliza: mtu aliyeanza kuwachekesha watu akiwa mtoto ili wasimcheke, akafanya hivyo nusu karne, siku moja akichoka, mnashangaa nini?

Mwaka 2008, mwezi Julai, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani inayoshughulikia elimu na kazi. Shule zilikuwa zinabanwa na mitihani, na kipindi cha mazoezi kilikuwa kinaliwa na masomo mengine. Akazungumza kwa uchungu kuhusu watoto, na alikuwa amevaa suti. Picha za siku ile zikitazamwa, mtu huyo humtambui.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu. Februari 2014 ilikuwa mara ya mwisho wanafunzi wake kumwona pale ukumbini Slimmons. Hakuaga. Hakuna sherehe, hakuna tangazo. Darasa lililofuata hakuja, na lililofuata hakuja. Simu zikakoma. Watu aliokuwa akiwapigia kwa miaka wakabaki wanaitazama simu.

Tetesi zikaanza. Amefungiwa ndani na mfanyakazi wake. Amegeuka hivi, amegeuka vile. Machi 2016 ilimbidi apige simu kwenye kipindi cha televisheni cha asubuhi, sauti tu, kusema kwamba hakuna aliyemshika mateka, na kwamba anapumzika kwa kutaka mwenyewe. Polisi wa Los Angeles nao walikwenda kwake, wakasema yuko salama. Haikutosha. Mwaka 2017 ukatoka mfululizo mzima wa podikasti wa kumtafuta mtu ambaye hakuwa amepotea. Mwaka huohuo akalishtaki gazeti moja la udaku kwa kumzushia, akashindwa kesi, akaamriwa kulipa gharama za mawakili wa upande wa pili. Slimmons ilikuwa imeshafungwa Novemba 2016.

Nimebishana na wenzangu kuhusu jambo hili. Wapo wanaosema aliwatelekeza watu. Mimi nasema alikuwa na haki ya kufunga mlango wake. Mtu aliyekaa miaka arobaini katikati ya ukumbi anaruhusiwa naye kukaa karibu na mlango, na kutoka. Lakini siwezi kusema wale waliosubiri simu hawakuumia. Waliumia, na kuumia kwao kunatuhusu sisi. Simmons alikuwa kamba moja iliyoanikwa nguo za mtaa mzima. Kila mtu alifungwa kwake, si kwa jirani yake wa mstarini. Alipokatika, kila nguo ilianguka peke yake. Sijui kama angeweza kufanya vingine, kwa jinsi alivyokuwa. Sisi tunaweza. Darasani kwako, mtu asipokuja wiki mbili, anayempigia simu ni wewe tu? Au hakuna kabisa? Au wapo watatu walioshabadilishana namba na watamtafuta kabla yako? Hili naomba tulijadili mchana kwenye vikundi. Ndugu Mwenyekiti, najua halimo kwenye ratiba, naomba liingizwe.

Miaka kumi hakuonekana hadharani. Machi 2024 akaandika kwamba alikuwa na saratani ya ngozi chini ya jicho, na watu wakadhani anaaga, ikabidi aeleze kwamba hafi, alikuwa anawahimiza tu waithamini kila siku yao. Tarehe 12 Julai akatimiza miaka 76. Salamu zikamiminika kutoka kila upande. Aliwashukuru mtandaoni, akasema hajawahi kupata salamu nyingi za siku ya kuzaliwa kama zile, na kwamba ameketi hapo anaandika barua pepe.

Kesho yake, Jumamosi, alikutwa nyumbani kwake amefariki. Uchunguzi ulisema ni ajali, majeraha ya kuanguka, na moyo nao ulikuwa na ugonjwa wake.

Naambiwa muda wangu umekwisha. Chai bado, na mmekaa sana. Simameni basi, tunyooshe viungo dakika kumi. Kaka wa muziki, weka wa zamani, ule ambao hawa wazee waliuchezea harusini. Viti sogezeni pembeni. Hapana, hapana, msinitazame mimi, geukeni. Leo mbele ni kule mlangoni.